Bega la mchezaji wa raga wa miaka 17: upasuaji au mazoezi tu?

Mama, umeuliza kama kijana wako, aliyeteguka bega mara mbili kwenye raga, apasuliwe. Kwa umri huo na mchezo wa kukabana, naegemea upasuaji. Bega likichomoka kwenda mbele, ukingo wa gegedu unaozuia kichwa cha mfupa hubanduka kwenye kikombe chake. Mazoezi hukaza misuli, hayaushoni.

Kwanza apimwe MRI (picha ya sumaku inayoonyesha gegedu na misuli), na CT (picha ya eksirei ya kina) kuona kama mfupa umemeguka. Kikombe kikiwa kizima, daktari huingiza kamera kwa matundu madogo na kuushona ukingo mfupani kwa nanga ndogo (vishikizo vya nyuzi vinavyokazwa mfupani), mara nyingi 3 au 4. Kikiwa kimelika asilimia 20 hivi au zaidi, kushona peke yake hufeli mara nyingi. Huhamishiwa hapo kipande cha mfupa wa bega kwa skrubu, upasuaji uitwao Latarjet.

Kisha mkono uning'inizwe shingoni kwa kitambaa (kombeo), wiki 4 hadi 6. Wengi huharibu hapa: wiki ya 8 maumivu yameisha, kijana anarudi kukaba, ukingo unabanduka upya. Asubiri miezi 6 hivi, na nguvu za mikono yote miwili zipimwe. Akihisi ganzi upande wa nje wa bega, hata leo, mwambie daktari. Huenda neva imevutika.