Ameandika 40, programu imehifadhi 4

"Kaka, hii programu yako inabadilisha namba."

Nilipigiwa simu hiyo asubuhi ya Jumatatu na dada wa kaunta wa duka moja la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa nimewaandikia programu ya mauzo na stoku, kwa lugha ya C# na WPF, zana ya Microsoft ya kujenga madirisha na fomu, na walikuwa na wiki tatu tu tangu waanze kuitumia. Nikafanya kosa ambalo na wewe unayeanza utalifanya siku moja: nikambishia. Nikamwambia kompyuta haibadilishi namba yenyewe, huenda amekosea kuandika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa kaka. Ila njoo uone mwenyewe, maana mama ameshamsimamisha kijana wa stoo."

Nikaenda mbio. Kumbe Ijumaa mteja alibeba mifuko 40 ya saruji, kompyuta ikapunguza mifuko 4, na mama mwenye duka alipohesabu jioni akakuta pengo la mifuko 36. Anayeshika ufunguo wa stoo ni nani? Basi.

Dada akanionyesha alichofanya siku ile. Alikuwa ameshaandika saruji, idadi 4, akahifadhi. Mteja akabadili mawazo, anataka 40. Dada akabofya kwenye kisanduku cha idadi, akaongeza sifuri, akabonyeza Ctrl+S. Hiyo Ctrl+S nilimfundisha mimi, ili asihangaike na kipanya huku foleni inamtazama. Kwenye kioo: 40. Tukafunga hati, tukaifungua upya: 4.

Mimi nilikuwa nimejaribu fomu ile mara mia. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nabofya kitufe kikubwa cha Hifadhi kilichopo chini ya fomu.

Sikiliza sasa kilichokuwa kinatokea. Maandishi unayoyaona ndani ya kisanduku ni mali ya kisanduku. Objekti yako ya mauzo, ile yenye Idadi na Bei, iko mahali pengine kwenye kumbukumbu, na kati yao kuna baindingi inayobeba thamani kutoka huku kwenda kule. Swali ni inabeba lini. Kwa TextBox ya WPF, usipoiambia vinginevyo, inabeba kisanduku kinapopoteza fokasi, yaani kishale kinapohamia kwingine. Ukibofya kitufe cha kawaida kwenye fomu, kitufe kinachukua fokasi, kisanduku kinaipoteza, thamani inavuka, halafu ndipo amri ya kuhifadhi inaanza. Kila kitu kinaenda sawa na wewe hujui kwamba umebahatika. Ukibonyeza Ctrl+S, fokasi haisogei hata hatua moja. Kishale bado kinapepesa pembeni ya ile sifuri, na programu inahifadhi kwa uaminifu kabisa kitu cha zamani.

Upau wa vitufe wa juu una mtego uleule. ToolBar ya WPF ina eneo lake la fokasi, kwa hiyo ukibofya kitufe kilichomo, kisanduku cha kwenye fomu bado kinajihesabu kuwa na fokasi ndani ya dirisha lake. Windows Forms nako, zana ya Microsoft ya zamani zaidi, vitufe vya ToolStrip, yaani upau wake, havichukui fokasi. Ndiyo maana ukiburuta jedwali kutoka kwenye hifadhidata, Visual Studio, programu tunayoandikia msimbo, inakuandikia msimbo wa kuhifadhi unaoanza na Validate(), kisha EndEdit(), ndipo inagusa hifadhidata. Nimeona vijana wengi wakifuta hiyo Validate() kwa sababu "haifanyi kitu". Inafanya. Ndiyo inayokilazimisha kisanduku kitoe kilichokishikilia.

Dawa ya kwanza inayokujia ni kuweka UpdateSourceTrigger iwe PropertyChanged, ili kila herufi ivuke palepale. Niliweka. Siku ya pili dada akapiga tena: hawezi kuuza kebo mita 2.5. Akiandika 2 kisha nukta, nukta inamezwa. Sababu ni kwamba baindingi yangu ilikuwa inaenda moja kwa moja kwenye namba, "2." inasomwa kama 2, na tangu .NET 4.5 kisanduku kinasawazishwa na kilichoko kwenye objekti, kwa hiyo anarudishiwa "2" isiyo na nukta. Ndugu yangu, mtu aliye katikati ya kuandika ana haki ya kuwa na kitu kisichokamilika. "2." si namba mbaya, ni namba iliyoko njiani.

Nilichoishia kukifanya ni hiki, na hadi leo ndicho ninachokifanya. Kabla ya kuhifadhi, popote pale amri itakakotoka, programu inauliza kwanza nani ana kitu mkononi:

if (FocusManager.GetFocusedElement(dirisha) is TextBox kisanduku)
    kisanduku.GetBindingExpression(TextBox.TextProperty)?.UpdateSource();

Mistari miwili. Baada yake unatazama Validation.GetHasError(kisanduku), kwa sababu kama aliandika "4o" yenye herufi o, thamani haitavuka na objekti itabaki na ile ya zamani. Hapo usihifadhi. Mwonyeshe kisanduku chenye tatizo, mwache arekebishe. Kuhifadhi ya zamani kimyakimya ndiko kulikomsimamisha kijana wa watu kazi.

Alirudishwa siku ileile, na nilimwomba radhi mbele ya mama. Sikufurahia.

Usidhani ni ugonjwa wa Microsoft peke yake. Kwenye Java, JTable, yaani jedwali lake, ina kihariri cha seli kinachoshika maandishi mpaka mtu abonyeze Enter au ahamie seli nyingine. Kabla ya kuhifadhi, kama jedwali linahaririwa, ita stopCellEditing() na usome jibu lake, maana ikirudisha false kihariri kimekataa. JFormattedTextField, kisanduku chake cha maandishi yenye muundo maalumu, ina commitEdit(). Kwenye Mac, visanduku vya dirisha moja kwa kawaida vinaazimana kihariri kimoja, na kuna commitEditing ya kumwambia anayehariri amalizie. Majina yanatofautiana, swali ni lilelile. DataGrid ya WPF nayo ina CommitEdit. Ielekeze kwenye mstari mzima, maana kukamilisha seli tu hakukamilishi mstari.

Hiyo ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu rahisi. Nusu ya pili ililetwa na umeme.

Lori limeleta mzigo, dada anaingiza hati ya kupokea: nondo za milimita 12, bati za geji 28, rangi, misumari kwa kilo. Yuko mstari wa 31. Umeme ukakatika. Kompyuta ya kaunta ni ya mezani, na betri yake ya akiba ilishakufa zamani, inatumika kushikilia mlango. Mistari 31 ikaenda. Hakunipigia simu. Nilikuja kugundua baadaye nilipoona kaunta buku pembeni ya kibodi: alikuwa anaandika kwanza kwa kalamu, kisha anahamishia kwenye kompyuta. Yaani programu yangu ilikuwa imemwongezea kazi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuhifadhi hati kwenye hifadhidata kila dakika. Usifanye hivyo. Hati isiyokamilika ikiingia kwenye jedwali la hati halisi, ripoti ya jioni itaihesabu, stoku itapanda kwa mzigo ambao nusu yake bado uko kwenye lori. Na hifadhidata itakataa vitu ambavyo rasimu ina ruhusa ya kuwa navyo: tarehe "12/0", bei tupu, msambazaji ambaye hajachaguliwa. Rasimu ikae peke yake, kwenye faili, ndani ya folda ya LocalApplicationData ya mtumiaji. Ndani yake hifadhi maandishi jinsi yalivyo kwenye visanduku, bila kuyageuza kuwa namba wala tarehe. Mimi natumia JSON, muundo wa kuandika data kama maandishi ya kawaida. Siku ya kuirudisha, unaandika maandishi yaleyale kwenye visanduku vilevile, na "12/0" inarudi "12/0".

Iandikwe lini? Wazee wa kazi hii walishalijibu. Vim, programu ya kuhariri maandishi, kwa mpangilio wake wa kawaida, inaandika faili yake ya akiba baada ya herufi 200 au ukitulia kwa sekunde 4. Emacs, mwenzake, inahesabu vibonyezo 300, au utulivu wa sekunde 30. Angalia kwamba wote wana masharti mawili. Nilipoandika yangu niliweka moja tu: taima inayoanza upya kila kibonyezo, ikitimiza sekunde 2 za utulivu inaandika. Nzuri kwa mtu anayeandika na kupumzika. Dada wa kaunta akishika kasi hapumziki, na taima inayoanzishwa upya kila mara haifiki mwisho kamwe. Kwa hiyo ongeza la pili: hata kama hajatulia, zikipita sekunde 10 tangu mabadiliko ya kwanza ambayo hayajaandikwa, andika.

Jinsi ya kuandika nayo ina adabu yake. Ukiandika juu ya faili lilelile, umeme unaweza kukatika umeshafuta ya zamani na hujamaliza mpya. Andika kwenye faili la pembeni, liite rasimu.tmp, ita Flush(true) ili data iteremke mpaka kwenye diski, ndipo ulibadilishe jina likae mahali pa lile la zamani. Hiyo true niliiruka mwanzoni. Nikakuta faili lenye urefu sahihi kabisa, limejaa baiti za sifuri tupu. Mfumo ulikuwa umeshaandika kwamba faili lipo, yaliyomo bado yalikuwa kwenye kumbukumbu yakisubiri zamu.

Kurudisha rasimu ni mahali ambapo nina msimamo mkali kidogo. Usiulize "Je, ungependa kurejesha?" kwa kisanduku cha Ndiyo na Hapana. Mtu mwenye mteja mbele yake anabonyeza chochote kilicho karibu. Rudisha tu, kisha weka mstari mmoja juu ya fomu unaosema hii ni rasimu ya lini, na kitufe kidogo cha kuifuta pembeni. Mimi mstari wangu ulisema "Rasimu ya 02:40 PM". Dada akasoma saa mbili na dakika arobaini, akasema saa hizo mimi bado niko kwenye daladala, hii si yangu. Akaifuta. Ilikuwa yake, ya saa nane na dakika arobaini mchana. Sasa inaandika "dakika 25 zilizopita", na hakuna ubishi wa saa.

Kama kompyuta inatumiwa na watu wawili kwa zamu, kila mmoja awe na rasimu yake kwa jina lake la kuingilia. Na chagua vitu ambavyo hutaviweka humo. Nywila na namba za siri hazikai kwenye rasimu, hata kwa sekunde moja. Majina na simu za wateja zikikaa, zifutwe kazi ikiisha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na faili la JSON lililosahauliwa kwenye folda ni taarifa binafsi kama nyingine.

Kuna shimo moja zaidi. Unafuta rasimu lini? Ukifuta kabla ya kuhifadhi hati, hati ikikataliwa umepoteza vyote. Ukifuta baada, umeme unaweza kukatika katikati: hati imeingia, rasimu bado ipo. Kesho yake programu inarudisha rasimu, dada anaihifadhi tena, na stoo inapata mzigo mara mbili kwenye karatasi. Chagua kufuta baada, ila ipe rasimu Guid, yaani namba ndefu ya utambulisho isiyojirudia, siku inapozaliwa, na hiyohiyo iwe utambulisho wa hati ndani ya hifadhidata, yenye sharti la kutojirudia. Programu ikifunguka na kukuta rasimu ambayo Guid yake tayari iko kwenye hati, inaitupa.

Majaribio yake usiyafanye kwa End Task, kile kitufe cha Windows cha kuizima programu kwa nguvu. Hiyo inaua programu, lakini mfumo unabaki hai na utamalizia kuandika vilivyokuwa njiani, kwa hiyo kosa langu la Flush lisingeonekana kamwe. Chukua kompyuta ya zamani, mwambie mtu aandike, uchomoe waya.

Mimi nilifanyia palepale dukani, jioni baada ya kufunga, baada ya kunakili hifadhidata kwenye flashi. Dada anaandika hati ya uongo kwa kasi yake ileile, mimi niko chini ya meza. Mama mwenye duka akaniona nashika waya wa kompyuta iliyowashwa. "Mwanangu, unaharibu!" Nikamwambia, "Hapana mama, leo mimi ndiye umeme." Nikachomoa.

Ilipowaka tena, mistari yote ilikuwepo. Wa mwisho ulisomeka "misum", kishale kinapepesa mbele yake. Dada akaongeza "ari", akabonyeza Ctrl+S.