Tangu nizae, naona nimekuwa mbali na Allah

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto watatu, mdogo bado ananyonya. Kabla ya kuzaa nilikuwa naamka usiku kuswali tahajudi, na Qur'ani siikosi hata siku moja. Siku hizi nikiamka usiku ni kwa ajili ya mtoto. Swala za faradhi naswali huku wale wakubwa wanagombana nyuma yangu, na siku kadhaa hupita sijaufungua Msahafu. Je, imani yangu imeshuka? Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Wako waliokutangulia kwa malalamiko haya. Hanzala (r.a.), mmoja wa waandishi wa Mtume (s.a.w.), alikutana na Abubakar (r.a.) akamwambia, "Hanzala amekuwa mnafiki." Akaeleza kwamba wakiwa mbele ya Mtume akiwakumbusha Pepo na Moto, huwa kana kwamba wanaviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake zao, watoto na mali, husahau mengi. Abubakar akasema hata yeye humfika hayo hayo. Wakaenda kwa Mtume, naye akasema lau wangedumu katika hali ile, malaika wangewapa mikono vitandani mwao na njiani mwao, "lakini, ewe Hanzala, kuna saa na saa." Akalirudia mara tatu. Ameipokea Muslim. Mtume hakuuita unafiki, wala hakumtaka Hanzala awakimbie watoto wake.

Nije kwenye huko kuamka usiku, maana naona ndiko kunakokuumiza zaidi. Katika Suratul Qasas, aya ya 7, Allah anasema alimfunulia mama yake Musa. Na amri ya kwanza aliyompa ilikuwa: mnyonyeshe. Firauni anachinja watoto wa kiume, mama amejaa hofu, na la mwanzo linalomfikia kutoka kwa Mola wake ni ampe mwanawe ziwa. Amri ya kumtia mtoni imekuja baadaye. Isome aya hiyo polepole, dada yangu. Sisi tunaopanda mimbari huwa tunakimbilia habari za mtoni, neno hilo la mwanzo tukalipita bila kusimama. Aliyemwamrisha mama yule ndiye aliyekutilia maziwa kifuani, na saa nane za usiku ukikaa kitandani na mwanao mikononi, uko katika jambo ambalo Yeye mwenyewe amelitaja katika Kitabu chake.

Kinachohitajika ni nia. Mtume alimwambia Saad bin Abi Waqqas kwamba chochote atakachotoa kwa kutaka radhi za Allah atalipwa, hata tonge analomtilia mkewe mdomoni. Naye Muadh bin Jabal alikuwa akitarajia thawabu kwa usingizi wake kama anavyozitarajia kwa kisimamo chake cha usiku. Nia mahali pake ni moyoni, huna haja ya kuitamka. Mtoto akilia, kumbuka ni amana ya nani, sema Bismillah, mchukue. Mikono imeshughulika lakini ulimi uko huru: msomee sura unazozihifadhi, na kwa kusoma hivyo bila kuushika Msahafu hulazimiki hata kuwa na udhu.

Kuhusu kelele wakati wa swala, Mtume aliswali amembeba mjukuu wake Umama, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Na akisikia mtoto analia alikuwa akiifupisha swala kwa kumhurumia mama yake. Basi fupisha nawe, ila ufupishe sura. Rukuu na sijda zipe utulivu wake, kwani utulivu ni katika nguzo za swala. Na malezi yasikutoe nje ya wakati. Hapo sina ruhusa ya kukupa.

Umeuliza kama imani imeshuka. Imani hupanda na hushuka kwa kila muumini, lakini sioni imeshuka kwa mtu anayelilia Msahafu wake. Anza na ukurasa mmoja kwa siku, ukishindwa nusu yake, maana amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo.

Mumeo naye asome jibu hili. Bi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na swala ikifika hutoka kwenda kuswali. Basi na amshike mtoto, awatulize na wale wawili, nawe upate kuusoma ukurasa wako.

Na usiku, mtoto akishalala tena nawe bado una nguvu kidogo, tia udhu uswali witri, hata rakaa moja, kisha ulale.

Wallahu a'lam.