Jibu: Kiuno kinarudi kuuma kila nikianza mazoezi

Habari ndugu. Umesema kiuno kinauma mwezi wa 5 sasa: ukipumzika kinatulia, ukianza mazoezi kinarudi. Kwanza jikague: ganzi sehemu za siri au makalioni, mkojo kugoma au kutoka wenyewe, mguu kuishiwa nguvu. Likiwepo hata moja, nenda hospitali leo leo.

Kama hayapo, achana kwanza na zoezi la kulala chali na kuinuka; mara nyingi ndilo linalochokoza. Piga magoti, viganja chini, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto kwa sekunde 8 hadi 10. Mara 6 kila upande, pumzika, kisha 4, kisha 2. Wengi huinua mguu juu mno mpaka kiuno kinabonyea, halafu wanalaumu zoezi. Mguu uishie usawa wa mgongo. Tembea pia dakika 10, mara 3 kwa siku.

Maumivu kidogo wakati wa zoezi si neno. Yakiwa bado yamezidi kesho yake asubuhi, punguza nusu, usiache kabisa. Ibuprofen, dawa ya kutuliza maumivu, ni ya siku chache, baada ya kula, na si kwa mwenye vidonda vya tumbo au shida ya figo. Wiki 6 bila nafuu, mwone mtaalamu wa fiziotherapia akupime. Kwa maandishi tu siwezi kukuambia kama shida ni diski, yaani zile sahani laini kati ya pingili za mgongo.