Watu wengi kuingia kwenye kompyuta ya ofisi wakiwa mbali: nilivyokosea mwanzo na ninavyofunga sasa hivi

Ndugu zangu wenye ofisi ndogo, kuna swali naulizwa karibu kila wiki, kwamba tuna programu ya mahesabu kwenye kompyuta moja ya ofisini, tuko wanne watano, tunataka kila mtu aingie akiwa nyumbani, inawezekana? Inawezekana sana tu, na ikifungwa vizuri mtu anasahau kabisa kama anachokitumia kiko mbali. Shida ni namna tunavyoanza, na mimi nilianza vibaya, acha niwaeleze.

Ofisi ya kwanza niliyoifungia ilikuwa na watu wanne. Kulikuwa na kompyuta moja nzuri yenye Windows Pro, nikawasha remote desktop, yaani ile huduma ya kuifungua na kuitumia kompyuta ukiwa mbali, nikatengeneza akaunti moja nikaiita ofisi, paswedi moja wote wanaijua, nikaingia kwenye ruta nikafungua poti 3389, ule mlango wa mtandao unaotumiwa na remote desktop, ielekee kwenye ile kompyuta, nusu saa kazi imeisha na kila mtu kafurahi. Kesho yake asubuhi simu zikaanza. Dada wa mahesabu yuko katikati ya kuandika ankara ya mteja, mara anatolewa, anaambiwa kuna mtu mwingine ameunganisha, na yule mwenzake alivyoingia akaikuta ileile ankara iko wazi mbele yake, mshale unapepesa kwenye kiasi ambacho hakijamaliziwa kuandikwa. Akadhani ni kitu kilichosahaulika jana, akaifunga bila kusevu. Dada akaingia tena, akamtoa mwenzake, mwenzake naye akarudi, wakashinda hivyo mpaka mchana wakidhani mtandao ndo mbovu.

Mtandao ulikuwa mzima. Windows Pro inaruhusu mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na kama wote mnatumia akaunti moja basi anayeingia anairithi kazi ya aliyekuwemo, madirisha yote na kila kitu. Hata ukimpa kila mtu akaunti yake, kwenye Pro wa pili akiingia wa kwanza lazima atoke. Windows Home ndo kabisa, haipokei mtu wa nje kwa njia hii. Kuna vile vijiprogramu vya kuidanganya Pro ipokee wengi, nimeviona vinasifiwa sana, usiweke kwenye kompyuta ya biashara, unavunja leseni na Windows ikijiapdeti tu vinaweza kufa siku hiyohiyo na watu wote wako nje.

Kabla hujafikiria kununua seva, yaani kompyuta kuu ya kuhudumia watu wengi kwa pamoja, jiulize kwanza, je, kila mfanyakazi ana kompyuta yake pale ofisini? Kama anayo na ina Pro, huhitaji seva, kila mtu aingie kwenye ya kwake tu. Hii ndo njia ninayoipenda kwa ofisi ya watu wachache, haina mambo mengi, na ya mmoja ikiharibika wengine wanaendelea. Zima tu ile tabia ya kompyuta kulala, na kwenye BIOS, ile mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka, weka ijiwashe yenyewe umeme ukirudi, la sivyo utakuwa unampigia mlinzi kumwomba abonyeze kitufe.

Kama programu iko sehemu moja na wote lazima wakae humo kwa pamoja, hapo ndo Windows Server, yaani Windows ya seva. Lakini na yenyewe ina mtego. Ukiifunga hivihivi inaruhusu watu wawili, na hao ni kwa ajili ya usimamizi wa seva, sio kazi za kila siku. Ili waingie wengi unaweka huduma ya Remote Desktop Services, inakupa siku 120 bila kudai leseni, na hizo siku 120 ndo zinawaponza watu maana kila kitu kinaenda vizuri mpaka unasahau. Niliitwa kwenye ofisi moja wakati wa kuandaa mishahara, hakuna anayeweza kuingia, aliyewafungia alishaondoka na muda umekwisha. Nunua leseni mapema, zinaitwa CAL, na unahitaji aina mbili, ya Windows Server yenyewe na ya Remote Desktop. Zinahesabiwa kwa mtu au kwa kifaa. Kama mtu mmoja anatumia laptopu, simu na kompyuta ya nyumbani, hesabu kwa mtu. Kama watu wa zamu wanapokezana kifaa kimoja, hesabu kwa kifaa.

Sasa nije kwenye kitu kilichonitisha kuliko vyote, ile poti 3389. Kama wiki mbili baada ya ile kazi ya kwanza bosi akanilalamikia kompyuta nzito, nikafungua kumbukumbu za usalama za Windows, nikachuja namba 4625, hiyo inaandikwa kila mtu anaposhindwa kuingia. Orodha ilikuwa haiishi. Saa nane usiku, sekunde kwa sekunde, kuna kitu kinajaribu jina administrator, alafu admin, alafu user, alafu test, kinarudia tena kutoka anwani nyingine. Yaani hakuna binadamu aliyekaa pale kuitafuta ile ofisi, ni programu zinazozunguka intaneti nzima zikigonga kila mlango, na mimi ndo niliyeuacha mlango wazi. Nilitetemeka, maana mle ndani kulikuwa na hesabu za watu na paswedi yenyewe ilikuwa jina la biashara na mwaka.

Wengine wanasema badilisha poti, weka namba nyingine. Nilijaribu, kelele zikapungua kidogo, alafu zikarudi. Wengine wanasema weka paswedi ngumu na akaunti ijifunge mtu akikosea mara kadhaa. Ni vizuri na ufanye, ila poti ikiwa wazi hayo maprogramu ya nje ndo yatakayowafungia wafanyakazi wako akaunti zao. Na paswedi ngumu sio kinga ya kila kitu, 2019 lilipatikana tundu lililoitwa BlueKeep ambalo halikuhitaji paswedi hata kidogo kwenye matoleo ya zamani ya Windows, likawa zito kiasi kwamba Microsoft walitoa kiraka mpaka cha Windows XP ambayo walishaacha kuihudumia.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mmoja na sibishani tena, 3389 haifunguliwi kwenye intaneti. Weka VPN kwanza, yaani njia ya siri ya kuingia kwenye mtandao wa ofisi kupitia intaneti, mtu aingie kwenye VPN ndo aifikie remote desktop. Mimi natumia programu ya VPN iitwayo WireGuard, ni nyepesi na haimjibu mtu asiye na ufunguo, anayepekua poti kutoka nje anaona kimya. Kila mtu na ufunguo wake, akiacha kazi unafuta wake tu na unafunga akaunti yake, hugusi wengine. Na tafadhali hakuna akaunti ya pamoja wala kumpa mfanyakazi uadmini kwa sababu tu programu fulani imegoma.

Kuna jambo linasumbua wengi, umefuata kila hatua na bado VPN haiunganishi. Angalia kwenye ruta anwani ya intaneti (IP) ya upande wa nje, kama inaanzia 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127 ujue mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, hapo kufungua poti ya VPN kwenye ruta hakusaidii hata ukeshe. Omba anwani yako mwenyewe au tumia huduma ya VPN iitwayo Tailscale, yenyewe imejengwa juu ya WireGuard na inajitafutia njia kutoka ndani.

Kasi nayo watu wanaiangalia upande usio wenyewe. Picha ya skrini inatoka ofisini kwenda kwa mtu, kwa hiyo kinachobana ni kasi ya kupandisha ya ofisi, na watu watano wakiingia pamoja ndo utaiona. Kwenye seva diski iwe SSD, ile ya kasi, na RAM usibanie, brauza za watu watano zinaimeza kuliko programu ya mahesabu yenyewe.

Bakapu ikae nje ya hiyo seva, na nakala moja isiwe imechomekwa muda wote, maana kirusi cha kufunga faili kikiingia kinafunga na diski iliyochomekwa. Jaribu kurudisha faili moja kila mwezi uone kama kweli inarudi.

Mwisho wafundishe watu tofauti ya kufunga dirisha kwa ile alama ya X na kutoka kabisa. Ukibonyeza X kazi yako inabaki inaendelea kule ndani na inakula RAM, jioni mtu asaini auti, na kwenye seva naweka iwatoe yenyewe waliokatika zaidi ya saa mbili. Siweki dakika tano, kwa sababu yule dada wa mahesabu intaneti ya kwake inakatika mara kwa mara, anaunganisha tena na anaikuta ankara palepale alipoachia, mshale unapepesa, na safari hii hakuna aliyeigusa.