Kabla hujapanda ndege kwenda Uarabuni

Hapa Mombasa we ingia nyumba yoyote Kisauni, Likoni, Majengo, utaambiwa dada yao yuko Riyadh ama kaka yao yuko Doha. Mimi nilifanya sekyuriti Doha na vijana huniuliza sana, sasa wacha niseme.

Kwanza ujue wewe ni nani kule. Qatar wafanyakazi zaidi ya tisa kati ya kumi ni wageni, sisi, Wanepali, Wahindi, Wafilipino, yani nchi inaendeshwa na watu wa kuja. Hakuna anayekufanyia hisani, wanakuhitaji.

Halafu uliza nchi gani na kazi gani, hapa ndipo watu hawaulizi kabisa. Qatar tangu Machi 2021 kima cha chini ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asipokupa malazi na chakula anaongeza 500 ya nyumba na 300 ya chakula, na hiyo inamhusu hata dada wa kazi za ndani. Saudia mwaka huohuo walilegeza mambo ya kuhama mwajiri lakini wafanyakazi wa nyumbani na madereva wa majumbani wakaachwa nje. Kwa hivyo ejenti akikwambia Uarabuni kote ni sawa, huyo muogope. Na huyo ejenti mwenyewe muangalie kwenye orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya serikali yetu, kama leseni yake iko hai, kabla hujampa hata shilingi.

Kandarasi ndio roho ya safari. Chumbani kwetu kulikuwa na jamaa, kufika tu akapewa karatasi nyingine ya Kiarabu, mshahara umeshuka, aambiwa saini. Bahati nzuri, kandarasi ile ya kwanza alikuwa ameipiga picha kila ukurasa akamtumia dadake nyumbani, akaenda nayo ofisi ya leba na wakamrudishia mshahara wake. Fanya vivyo hivyo, na pasipoti pia ipige picha. Na ujue Qatar mwajiri haruhusiwi kukaa na pasipoti yako isipokuwa wewe mwenyewe umemuomba kwa maandishi.

Na dada zangu mnaoenda majumbani, nawaombeni sana, namba ya ubalozi wetu wa Doha ama Riyadh msiiweke kwa simu peke yake. Iandikeni kwa karatasi, ishoneni hata ndani ya nguo, kuna nyumba simu inachukuliwa siku ya kwanza.