Ukitaka kumwona mwewe akiwinda nyumbani, anza na kuku

Watu wakisikia kwamba napenda kutazama ndege wawindaji hapa hapa nyumbani, swali la kwanza huwa la darubini: bei gani, inapatikana wapi. Darubini inasaidia, sikatai. Lakini kwa ua wa nyumba ya kawaida, cha kwanza ni masikio. Mwewe haji kwa miadi, na anayekaa kukodolea anga mchana kutwa ataambulia maumivu ya shingo. Wenye sababu ya kumwangalia mwewe saa zote ni kuku, nao hawana siri.

Nakaa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Kuna mwembe mkubwa nyuma ya jiko, mnazi kwa jirani, na nguzo ya umeme barabarani. Hivyo vitatu vinatosha. Sihitaji kwenda Mikumi kumwona ndege akiua.

Kuku wana mlio wa hatari ya ardhini na mlio wa hatari ya angani, na ukishaitofautisha hutaisahau. Paka au kicheche akiingia uani, utasikia ko-ko-ko-ko ya harakaharaka, na kuku wenyewe wamesimama wima, shingo juu, wanamtazama mgeni. Hatari ikitoka angani, jogoo hutoa sauti moja ndefu, nyembamba, ya kuvutwa. Hapo hakuna anayesimama kushangaa. Wakubwa hujibanza chini ya ukuta au kuganda walipo, vifaranga hupotea chini ya mama. Kisha tazama vichwa. Macho ya kuku yako pembeni, kwa hiyo akitaka kuona juu huinamisha kichwa upande, jicho moja likaelekea mawinguni. Fuata linakoelekea jicho hilo. Mara nyingi utakuta nukta ambayo wewe mwenyewe usingeiona kamwe.

Baada ya kuku, wasikilize mlamba na shore. Mlamba, yule mweusi mwenye mkia wa panda, hana adabu kwa mtu yeyote mwenye kucha. Atamfukuza mwewe aliyemzidi ukubwa mara kadhaa, akimdonoa mgongoni hadi amtoe mtaani. Kunguru hufanya hivyo hivyo, tena kwa kundi. Shore yeye ni mwoga zaidi, lakini ni mchongezi mzuri: akiona kipanga amekaa ndani ya mti, hupiga kelele bila kukoma akielekea palepale. Kelele za shore zinazong'ang'ania sehemu moja kwa muda mrefu maana yake kuna aliyetulia pale. Anaweza kuwa kipanga, anaweza kuwa bundi aliyejificha jua, na anaweza kuwa nyoka. Kwa hiyo simama mbali, tazama matawi kwanza, ndipo usogee.

Na ukimya nao ni taarifa. Asubuhi yenye chiriku na tetere ikinyamaza ghafla, usiingie ndani. Kaa.

Sasa wanaokuja. Hapa mtaani kila chenye mdomo uliopinda kinaitwa mwewe au kipanga, na lawama zote za vifaranga wanagawana sawa. Si haki. Mwewe mwenyewe ni yule wa kahawia, mdomo wa manjano, mkia wenye panda ambao huuzungusha kushoto na kulia kila anapokata kona. Mtazame huo mkia. Ndio unaomwongoza kati ya nyaya za umeme bila kupiga mbawa. Ni mwindaji, ndiyo, lakini zaidi ni mwokotaji. Utamkuta jalalani, machinjioni, barabarani palipogongwa chura, na mbele ya moto wa nyika panzi wanapokimbia. Waliokula chakula cha mchana nje kule Ngorongoro wanajua anavyoweza kushuka na kumpokonya mgeni kipande cha kuku mkononi. Nyumbani huja kwa mtindo ule ule: mzunguko wa chini, wa pili chini zaidi, kisha anachota kwa kucha bila kutua, na hula hukohuko hewani, mguu ukipeleka chakula mdomoni. Ukiona ndege anakula huku anaruka, mara nyingi ni yeye.

Kipanga mdogo wa kijivu ni habari nyingine. Huyu, ambaye wataalamu walimwita Accipiter badius na sasa humwita Tachyspiza badia, hakai hewani akijitangaza. Huingia ndani ya mwembe, akatulia kwenye tawi karibu na shina, akasubiri. Ana macho mekundu na michirizi myembamba ya rangi ya kutu kifuani. Anachokitaka zaidi ni mjusi. Ukuta wa nyuma wa nyumba, jua la asubuhi likishaupasha, mijusi hutoka kuota; kipanga anaujua ukuta huo kuliko fundi aliyeujenga. Anashuka kwa mstari ulionyooka, chini sana, mbawa zikipigwa haraka mara chache kisha zimetulia, na kama hukuwa unatazama utaona mkia wa mjusi tu ukirukaruka peke yake sakafuni. Mara nyingi hukosa. Hilo watu hawalitegemei. Wanadhani kucha zikishuka basi kuna maiti. Yeye hukosa, anarudi kwenye tawi, anajitikisa manyoya, anasubiri tena, na hapo ndipo utazamaji wenyewe ulipo. Dirisha la jikoni ndilo bora kwa kazi hii, kwa sababu ndege wameshazoea kwamba kuna mtu anaosha vyombo humo.

Usiku ukianza kuachia, mnamo saa kumi na mbili asubuhi, sikiliza juu kabisa: tip… kimya… tip… Huyo ni kipanga wa msituni akizunguka juu ya eneo lake kabla ya watu kuamka. Ndege wawindaji wakubwa wanaoelea huchelewa kuamka. Wanangoja ardhi ipate joto na hewa ianze kupanda, hivyo saa tatu hadi saa tano ndiyo saa yao.

Ila kama ningeambiwa nichague mmoja tu wa kumtazama maisha yangu yote, ningemchagua yule mkubwa wa kijivu mwenye uso wa manjano usio na manyoya, Polyboroides typus. Huja pale minana wanapokuwa wamejaza viota kwenye mnazi. Hana haraka. Hutua kwenye kuti, hujining'iniza kichwa chini, mbawa zimefunguka ovyo ili asianguke, na huanza kuingiza mguu kiota kimoja baada ya kingine. Kifundo cha mguu wake kinaweza kukunjika mbele na nyuma, kwa hiyo hufika ndani ya tundu ambamo ndege mwingine angekwama. Minana wote wanapiga kelele, mlamba anamdonoa, naye anaendelea tu kupekua kama mtu aliyepoteza funguo. Akipandwa na msisimko, uso ule wa manjano hubadilika ukawa mwekundu mbele ya macho yako. Siku hiyo hata majirani wasiojali ndege hutoka nje. Anakula mayai na makinda, na najua wapo wanaomwonea uchungu mnana. Mimi siingilii. Minana hujenga tena, na wiki zinazofuata utawasikia palepale.

Msimu nao una maana. Mvua za vuli zikishika, Novemba na Desemba, kumbikumbi wakipanda kutoka kwenye vichuguu jioni, toka nje utazame juu. Mwewe hujazana, mbayuwayu hujazana, na ukibahatika utaona kozi wadogo wa Amur, waliozaliwa mashariki ya mbali ya Asia, kule Siberia na China, ambao huvuka Bahari ya Hindi wakielekea kusini mwa Afrika. Huwadaka kumbikumbi kwa mguu na kuwala wakiwa angani. Watoto wako chini wanaokota kumbikumbi kwa ajili ya kukaanga, wao wako juu. Kila mtu na chungu chake.

Kuhusu bundi, nitasema wazi ingawa najua wengine watanuna. Yule bundi mweupe mwenye uso wa umbo la kopa, anayelala darini au kwenye mnara wa kanisa, hajatumwa na mtu. Amefuata panya. Sikio lake moja liko juu kidogo kuliko jingine, ndiyo maana anaweza kujua panya yuko wapi gizani kwa sauti tu, na kingo za mbawa zake zina nyuzi laini zinazoua sauti ya upepo. Ukitaka ushahidi wa anachokula, usimpige mawe; nenda asubuhi chini ya anapolala uokote vibonge vya manyoya anavyovitapika. Loweka kimoja kwenye maji, ukifungue kwa kijiti. Utakuta mafuvu mazima ya panya. Mafuvu hayo yanasadikisha watu kuliko hotuba yoyote, nimeyatumia kwa wazee wawili watatu wa mtaa huu na bundi wetu bado yupo.

Hapo hapo ndipo lilipo ombi langu kubwa: acha sumu ya panya kama una bundi au kipanga karibu. Sumu nyingi za madukani haziui siku hiyo hiyo. Panya huzunguka siku kadhaa akiwa dhaifu, anatoka nje mchana, anayumba, na kwa mwindaji hakuna windo jepesi kuliko huyo. Sumu inahamia kwake. Tumia mtego wa kawaida, au paka. Januari 2024 jarida la Nature Ecology & Evolution lilichapisha utafiti wa aina 42 za ndege wawindaji wa Afrika, na asilimia 88 ya aina hizo zilikuwa zimepungua. Sababu ziko nyingi na kubwa kuliko ua wangu, lakini sumu ya darini kwangu naiamua mwenyewe.

Na vifaranga je? Najua msomaji mwenye kuku ameshachoka kunisubiri. Kifaranga wa wiki za mwanzo ni riziki ya mwewe, hilo halina ubishi. Mfungie mama na wanawe ndani ya tenga au banda la wavu hadi wawe na manyoya ya kutosha na akili ya kukimbia. Ukiwatoa, watoe penye vichaka. Uwanja uliofagiwa ukawa mweupe unawapendeza wageni, ila unampendeza na mwewe. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau au waridi, na wapo wanaotundika CD kuukuu zimulike. CD zinafaa siku chache, mwewe akishazizoea hata hazitazami. Jambo linalosahaulika ni utumbo. Ukichinja kuku ukatupa matumbo nyuma ya banda, umemwita mwewe mwenyewe kwa jina. Fukia.

Ukikuta duara la manyoya chini ya mti, usimhukumu mtu kabla ya kuokota unyoya mmoja. Kipanga hunyonyoa: unyoya hutoka mzima hadi kwenye mzizi wake. Paka na kicheche hutafuna, hivyo utakuta mashina yamekatwa na manyoya yameshikamana kwa mate. Nimeshuhudia kesi za mwewe zikiishia kwa paka wa mlalamikaji.

Darubini, kama bado unaitaka, chagua iliyoandikwa 8x42; yenye kukuza zaidi ya hapo hutetema mikononi na ndege wa uani yuko karibu mno. Kiota ukikiona, kitazame ukiwa mbali na usirudierudie njia ile ile, kwani kunguru wanakutazama wewe unakotazama. Walioko Nairobi wanaweza kujiunga na matembezi ya kutazama ndege ya Jumatano asubuhi ya Nature Kenya, chama cha uhifadhi wa mazingira, yanayoanzia Makumbusho ya Taifa. Utajifunza huko kwa saa chache yale ambayo peke yako yangekuchukua mwaka.

La mwisho ni vioo. Kipanga akimkimbiza tetere kuelekea dirishani, wote wawili wanaweza kugonga kioo kwa sababu wanaona miti iliyomo ndani yake. Ning'iniza nyuzi au pazia la shanga upande wa nje. Akigonga na kuanguka akiwa hai, mfunike kwa kitambaa kinene, shika miguu kwanza maana kucha ndizo zinazoumiza, kisha mweke ndani ya boksi lenye matundu, gizani, pasipo kelele. Usimpe maji kwa nguvu, usimpe chakula, usiwaite watoto kupiga picha. Baada ya saa moja au mbili peleka boksi nje, lifungue likiwa limeelekea penye uwazi, na urudi nyuma.