Muulize Mwalimu: Jogoo aliyeuzwa mara tano

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi ya serikali huku Muheza, Tanga. Tuna wanafunzi 830. Wasichana ni 412 na matundu yao ya choo ni sita tu. Saa ya mapumziko foleni inafika kwenye mlingoti wa bendera, na wakubwa wengine wanaamua kurudi nyumbani moja kwa moja. Mwenyekiti anataka kila mzazi atoe 5,000. Mjumbe mwingine anasema watoto wafyatue matofali, tuuze. Mimi roho yangu inakataa yote mawili, ila sina la kusema badala yake. Shule ina uwanja mkubwa, michungwa 14 na barabara ya vumbi mbele. Tufanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo foleni ya kufika mlingotini imenikaa kichwani tangu jana.

Tuanze na hesabu. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, kwa hiyo mnatakiwa kuwa na 21. Pengo lenu ni 15. Ruzuku ya serikali haiwezi kuliziba: ni 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 4,000 za vitabu na 6,000 za kuja shuleni. Kwa watoto wenu 830 hizo za kuja shuleni ni 4,980,000, na humo humo mna chaki, mitihani, ukarabati na karatasi za ofisi.

Roho yako imekataa vizuri. Tangu Januari 2016 ada na michango ya lazima imeondolewa kwenye shule za serikali, na Waraka wa Elimu Na. 3 wa mwaka huo uko wazi juu ya hilo. Mchango ukishakuwa na kiwango na orodha ya majina, hata mkiuita wa hiari, ni ada iliyovaa kanga. Na matofali? Mimi nilianza darasa la kwanza 1966, mwaka mmoja kabla Mwalimu Nyerere hajatoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, na nimelima pamba ya shule mpaka viganja vikaota sugu. Andiko lile lilitaka mwanafunzi ajifunze kazini na awe na sauti katika mipango ya shamba lake. Sisi hatukuulizwa kitu. Pamba ilipakiwa kwenye lori ikaondoka, na mpaka leo sijui ilinunua nini. Watoto watunze michungwa, wajifunze kupogoa na kuandika daftari la mauzo. Kufyatua tofali la kuuza ni kibarua, na kibarua hulipwa.

Sasa nikupe kilichotufaa sisi. Mwaka 2009 nilikuwa mwalimu mkuu wilayani Iramba, Singida. Kanisani kwetu, baada ya ibada ya mavuno, watu hupiga mnada wa vitu walivyotoa, nasi tukauchukua utaratibu ule tukauleta siku ya wazazi. Hatukuomba pesa. Tulisema kila kaya ilete ilicho nacho: debe la mahindi, chupa ya mafuta ya alizeti, mkeka, trei ya mayai. Asiye na kitu aje ashangilie tu, na wengi walikuja hivyo.

Dalali alikuwa fundi baiskeli wa pale senta, mtu mwenye sauti ya kuamsha wafu. Akainua jogoo mwekundu aliyefungwa mguu kwa utepe wa khanga kuukuu, akauliza: "Simba wako wapi?" Mwenye duka la pembejeo akamchukua kwa 15,000, akampungia mkono upande wa pili, akasema, "Mrudishe mezani, Yanga hawana hela." Basi! Yanga wakatoa 18,000, nao wakamrudisha. Simba 20,000. Mama mmoja muuza dagaa, ambaye alisema yeye timu yake ni wajukuu zake, akatoa 18,000, na dalali akakubali bei ishuke kwa heshima yake. Mwisho Yanga wakamaliza kwa 25,000. Jogoo mmoja, mara tano, 96,000. Aliyekwenda naye nyumbani aliniambia baadaye kwamba nyama ilikuwa ngumu kama kamba ya katani.

Siku hiyo tulifunga na 1,140,000. Kosa la shule nyingi ni kuilaza pesa kama hiyo benki mpaka imegwe kidogo kidogo. Tulinunua viti vya plastiki 100, tukaandika herufi za shule chini ya kila kiti kwa rangi ya mafuta ya kijani. Chini, siyo mgongoni, maana bibi harusi hataki picha yake iwe na jina la shule ya msingi. Tukakodisha kwa 200 kiti. Harusi, kipaimara, mkutano wa ushirika, viti vyote 20,000 kwa siku. Msibani hatukutoza, na nakusihi nanyi msitoze. Watu waliotukuta na viti vya bure kwenye msiba wao ndio waliokuja kutupa mifuko ya saruji bila kuombwa. Katika miaka miwili madarasa mawili yalipata sakafu ya zege.

Usidhani kila nilichogusa kilikuwa dhahabu. Mwaka uliofuata nilileta kuku 200, nikaahirisha chanjo wiki moja kwa kubana matumizi, kideri, ule ugonjwa wa kuku, kikapita. Nilizika kuku kwenye shimo la taka siku tatu mfululizo, na kamati ikanitazama tu. Kosa lilikuwa langu. Tangu hapo mradi wenye roho ndani yake naupendekeza kwa yule tu aliye na mtu wa kuulinda Jumapili na likizo ya Desemba.

Turudi kwenu. Michungwa 14 ni mali, ila najua huko kwenu madalali hupita kununua machungwa yakiwa bado mtini, tena mengine yakiwa maua. Msiuze maua. Subirini yakomae, tangazeni kwenye ubao wa kijiji, kila mnunuzi aandike bei yake kwenye karatasi na karatasi zifunguliwe mbele ya watu siku moja. Na walimu wasichume. Hilo mwalimu mkuu alisimamie mwenyewe. Barabara iacheni kwanza. Fremu za maduka zinataka kibali cha halmashauri na mtaji ambao hamna.

Wahitimu ndio hazina yenu ya pili. Kila mwaka wa kumaliza una kundi lake la WhatsApp, na huko watu wanatumiana picha za zamani bure kabisa. Msiwaambie "tusaidieni choo". Waambieni waliomaliza 1994: tundu lenu ni namba saba, bati, mlango na bawaba zake ni bei hii, nasi tutaandika mwaka wenu mlangoni. Watacheka kwamba majina yao yanakwenda chooni. Waache wacheke, mwaka wa 1995 hautakubali kuachwa nyuma.

Kisha lengeni boma, yaani kuta tu bila paa, msilenge choo kizima. Mkishafika usawa wa lenta kwa nguvu zenu, nendeni halmashauri na kwa mbunge, kwenye Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mkaombe umaliziaji. Kuta zilizosimama zinasikilizwa kuliko barua. Kabla ya yote, afisa elimu kata ajue kwa maandishi, pesa iingie akaunti ya shule, na mapato na matumizi yabandikwe ukutani kila Ijumaa, hata wiki ambayo mmepata 3,000.

SWALI: Salamu Mwalimu, niko Voi, Kenya. Binti yangu wa shule ya umma amepewa kadi ya harambee ya shilingi 1,000, ajaze majina ya majirani, na ameambiwa asirudi bila pesa. Mwalimu wake anasema huo ni ubunifu wa bodi. Mimi ni mama mboga, majirani zangu wote wana kadi za watoto wao.

JIBU: Dada yangu, harambee ni kuitana, na mtu akiitwa anaweza kukosa kuja. Hiyo ya kwenu ni karo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 29, inataka malipo ya ziada katika shule ya umma yaidhinishwe na Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, tena inasema hakuna mtoto atakayezuiwa kuhudhuria kwa kukosa kuyalipa. Jumatatu mpeleke mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa. Muulize mwalimu mkuu, kwa adabu na mbele ya mzazi mwenzako, idhini iko wapi. Kama una sukuma wiki ya ziada, mwambie utaleta mafungu kumi kwenye mnada siku watakapouandaa. Kadi mrudishie ikiwa tupu, na isiwe imekunjwa.